Deni la kivuko: nani alipie daraja la kisiwani?

Tarehe 1 Agosti 2025 bei ya kuvuka daraja la Confederation, mashariki mwa Kanada, ilishuka kwa gari dogo kutoka dola 50.25 hadi dola 20. Daraja lenyewe halikuguswa. Kilomita zake 12.9 zilibaki zilezile, nguzo zilezile zikaendelea kusimama baharini, na kampuni inayoliendesha ikabaki ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa serikali ya Waziri Mkuu Mark Carney kule Ottawa, kwamba hazina ya taifa ibebe mzigo mkubwa zaidi na dereva anayetoka kisiwa cha Prince Edward aubebe mdogo zaidi. Bei inayoweza kushuka kwa zaidi ya nusu kati ya usiku na asubuhi, bila saruji wala chuma kupungua gharama, haikuwa bei ya saruji na chuma tangu mwanzo. Kwa hiyo inafaa tuulize upya swali linalodhaniwa kuwa jepesi: nani alipie daraja la kwenda kisiwani? Jibu la haraka ni kwamba alipe anayelitumia. Nitadai kwamba jibu hilo linaanzia katikati ya hadithi. Daraja la kisiwani halijengwi juu ya maji ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiyavuka. Linachukua nafasi ya kivuko, na kivuko kile kilikuwa na nauli yake, hasara zake, ruzuku yake na, mara nyingi, ahadi ya kisiasa iliyokuwa nyuma yake. Tozo ya haki ni ile inayorithi hesabu hizo zote. Ikirithi nauli peke yake na kuyaacha mengine, haichukui muda kabla haijawagombanisha watu na serikali yao.

Kisiwa cha Prince Edward ni mfano mzuri kwa sababu ahadi yake iliandikwa. Kilipojiunga na Kanada mwaka 1873, kikiwa kimeelemewa na madeni ya reli, masharti ya muungano yaliibebesha serikali kuu gharama ya kuendesha huduma ya meli za mvuke, ya kusafirisha barua na abiria kati ya kisiwa na bara, majira ya joto na ya baridi, ili kisiwa kisikatwe na reli za nchi nzima. Majira ya baridi ndiyo yaliyokuwa mtihani. Mlangobahari wa Northumberland huganda, na kwa miaka mingi watu walivushwa kwa mashua zilizoburutwa juu ya barafu na kusukumwa majini pale barafu ilipopasuka. Abiria aliyekubali kushika kamba na kuvuta pamoja na mabaharia alilipa nauli nafuu kuliko yule aliyekaa ndani, na sijui kama pana mfano mwingine ulio wazi hivyo wa mtu kulipia safari yake kwa jasho. Baadaye zilikuja meli zenye uwezo wa kuvunja barafu, zikawa za serikali, zikaendeshwa kwa ruzuku kila mwaka. Hakuna aliyetarajia zijilipe. Zilikuwepo kwa sababu bila hizo muungano ungebaki maandishi tu kwa miezi kadhaa ya kila mwaka. Ahadi ile ilikuwa na uzito kiasi kwamba, kabla daraja halijaruhusiwa kuchukua nafasi ya meli, katiba ya Kanada ililazimika kurekebishwa mwaka 1993.

Wenyeji wa kisiwa hawakulipokea wazo la daraja kwa sauti moja. Katika kura ya maoni ya Januari 1988 takriban asilimia 59 waliunga mkono na waliosalia wakakataa. Waliokataa walikuwa na sababu: wavuvi walihofia barafu itakayonaswa na nguzo, wafanyakazi wa meli waliona ajira zao zikizama, na wapo walioona kwamba kisiwa kinachofikiwa kwa gari saa yoyote si kisiwa tena. Daraja likafunguliwa tarehe 31 Mei 1997. Anayeliendea leo kutoka upande wa New Brunswick hukuta njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kikomo cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na kuta za zege zenye kimo kinachofika juu kidogo ya mita moja, zinazokinga upepo na kumnyima aliye kwenye gari dogo sehemu kubwa ya mandhari. Limepindwa makusudi, ili dereva asilegee na kusinzia kwenye mstari ulionyooka. Upepo ukizidi, malori marefu husimamishwa. Kwa gari dogo katika siku ya kawaida, safari nzima ni kama dakika 10 au 12. Zamani foleni ya meli peke yake ingeweza kula nusu siku wakati wa likizo.

Hesabu ya fedha ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu haifanani na ile iliyo kichwani mwa wengi wanaosimama kwenye kibanda cha tozo. Ujenzi uligharimu takriban dola bilioni 1. Serikali ya Kanada ilikubali kuilipa kampuni iliyojenga, kila mwaka kwa miaka 35, kiasi cha karibu dola milioni 42 kwa thamani ya mwaka 1992, kikipanda kufuatana na mfumuko wa bei. Kiasi hicho hakikuokotwa hewani: kilikadiriwa kutokana na kile ambacho serikali ingeendelea kukitumia kwenye meli. Kwa dhamana ya ahadi hiyo ziliuzwa hatifungani za zaidi ya dola milioni 600, na fedha hizo zikabeba sehemu kubwa ya ujenzi. Tozo, kwa upande wake, huingia kwa mwendeshaji kwa ajili ya uendeshaji, matengenezo na faida yake, na mkataba uliiwekea breki kwamba isipande kwa zaidi ya robo tatu ya mfumuko wa bei kwa mwaka. Kwa maneno mengine, dereva aliyekuwa akitoa dola 50 huku akidhani ndiye anayelilipia daraja alikuwa analipia sehemu tu. Sehemu kubwa ya ujenzi ilibebwa na meli ambayo haikuwepo tena. Ruzuku ya kivuko iliendelea kulipwa, ila sasa ilikuwa inanunua zege badala ya mafuta na mishahara ya mabaharia.

Hapo ndipo Kanada ilipofanya jambo la busara, na ndipo pia ilipokosea. Busara ni kwamba ilitambua urithi wa kivuko na kuuweka kwenye mkataba. Kosa ni kwamba ilirithi na nauli ya kivuko pia, kwani tozo ya kwanza ilipangwa isitofautiane sana na kile watu walichokuwa wakilipa melini, bila kuuliza kama sababu za nauli ile bado zipo. Meli hula mafuta kila safari. Ina nahodha, mafundi, wapishi. Gari la mia moja linapopanda melini huchukua nafasi ambayo gari la mia moja na moja litaikosa. Kwenye daraja, gari moja zaidi halimgharimu mwendeshaji karibu chochote, na watu wanalijua hilo hata kama hawajasoma uchumi. Ndiyo maana nauli iliyovumiliwa kwa miaka mingi gatini ikageuka manung'uniko ilipohamia kwenye kibanda cha tozo.

Kuna jambo dogo kuhusu mahali kibanda kilipo ambalo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kwenye daraja la Confederation hulipi unapoingia kisiwani; unalipa unapotoka, na malipo hayo ni ya safari zote mbili. Feri inayobaki upande wa mashariki, ile ya Wood Islands, nayo imefuata utaratibu huo, na kwa kuwa kwa miaka mingi nauli yake ilizidi tozo ya daraja, msafiri mjanja alikuja kwa feri bila kulipa na kuondoka kwa daraja. Kule Malaysia, daraja la Penang la kilomita 13.5, lililofunguliwa mwaka 1985, limefanya kinyume: malipo hukusanywa upande wa bara, kwa wanaokwenda kisiwani, na kurudi ni bure. Kihesabu ni yaleyale. Kisiasa si yaleyale. Anayetozwa akitoka amekwisha kutumia fedha zake hotelini na sokoni; anayetozwa akiingia anaweza kugeuza gari. Na mkaazi wa Prince Edward anayempeleka mgonjwa hospitali ya bara anakutana na kibanda mwanzoni mwa safari yake, kana kwamba kuondoka nyumbani ndiko kunakotozwa. Penang ilikuwa na nafuu nyingine ambayo Kanada haikuwa nayo katika njia hiyo: feri kati ya Butterworth na George Town haikuuawa siku daraja lilipofunguliwa, iliendelea kubeba magari hadi mwisho wa mwaka 2020. Tangu tarehe 1 Januari 2019 pikipiki, chombo cha mfanyakazi anayevuka kila siku, hazilipi tozo kwenye daraja hilo.

Anayetaka kuona nini hutokea urithi unapokataliwa kabisa na aende Uskoti, kisiwa cha Skye. Daraja lake si refu, na hilo ndilo lililoongeza hasira. Lilifunguliwa Oktoba 1995 kama moja ya miradi ya mwanzo ya Uingereza ya kumpa mwekezaji binafsi ajenge, aendeshe na atoze hadi fedha zake zirudi. Tozo ilifungwa kwenye nauli ya kivuko cha Kyleakin, na kivuko hicho kikasitishwa daraja lilipofunguliwa. Kilichobaki kilikuwa kivuko kidogo cha msimu kule Glenelg na feri ya mbali ya kwenda Mallaig. Kufikia 2004 gari dogo lililipa hadi pauni 5.70 kwa upande mmoja wakati wa kiangazi. Watu walikataa kulipa, wakashtakiwa, na wapatao 130 wakapatikana na hatia, wengi wao wakiwa watu wa kawaida ambao huenda wasingeingia mahakamani maisha yao yote. Kikundi cha wapinzani wa tozo kilifanya kazi ya kuchimba nyaraka za kisheria, na mabishano hayakuisha hadi serikali ya Uskoti ilipolinunua daraja kwa takriban pauni milioni 27 na kuifuta tozo tarehe 21 Desemba 2004. Miaka ileile, visiwa vidogo vya magharibi zaidi vilipata njia zao za kudumu: Scalpay daraja mwaka 1997, Berneray na Eriskay tuta la barabara miaka michache baadaye. Hakuna aliyetozwa kitu huko. Mtu wa Skye hakuhitaji mchumi kumweleza kwamba tofauti kati yake na jirani yake wa Scalpay haikutokana na bahari bali na aina ya mkataba uliosainiwa.

Watetezi wa tozo watasema Skye ni mfano wa usimamizi mbaya tu, na kwamba kanuni yenyewe haina dosari: kwa nini mkulima wa ngano wa Saskatchewan, ambaye pengine hatakiona kisiwa cha Prince Edward hadi anazikwa, amlipie mtalii anayekwenda kula kamba ufukweni? Hoja hii ni nzito na haistahili kupuuzwa. Lakini ina tundu. Mkulima huyohuyo anaendesha trekta na lori lake kwenye barabara kuu inayovuka mito na mabonde kwa madaraja mengi, na hasimamishwi kwenye kibanda chochote. Barabara ya bara hulipiwa na wote kwa kodi. Ni ile ya kisiwani tu inayoambiwa ijilipie. Mfano uliowaudhi watu wa Prince Edward kuliko wote ni wa Montreal. Huko serikali kuu ilijenga upya daraja la Champlain kwa zaidi ya dola bilioni 4. Mpango wa awali ulikuwa litozwe. Serikali iliyoingia 2015 ikaufuta. Daraja likafunguliwa 2019 bila tozo. Kuna tofauti za kweli kati ya madaraja hayo mawili, kwani la Montreal lilichukua nafasi ya lingine lililokuwa bure tayari, na hofu ilikuwa kwamba tozo ingesukuma magari kwenye madaraja mengine ya mji. Tuzikubali tofauti hizo. Bado zinathibitisha ninachosema: Montreal ilipata daraja la bure kwa sababu lilirithi daraja la bure, Prince Edward ikapata la kulipia kwa sababu lilirithi meli ya kulipia. Kanuni ya mtumiaji kulipa haikuamua lolote kati ya hayo mawili. Kilichoamua ni historia ya kila mahali, pamoja na idadi ya wapiga kura: mkoa mzima wa kisiwa kile hauna watu laki 2.

Pingamizi la pili ni la fedha, na linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Nchi tajiri zinaweza kubishana kuhusu haki, watasema, lakini kwetu bila tozo hakuna daraja, kwa sababu hakuna mkopeshaji atakayetoa fedha zake. Daraja la Nyerere kule Kigamboni ndilo jibu na swali kwa wakati mmoja. Kigamboni si kisiwa, gari linaweza kuzunguka kwa Kongowe, lakini kwa mtu wa kawaida wa Dar es Salaam imeishi kama kisiwa kwa sababu mjini kulifikiwa kwa pantoni. Asilimia 60 ya fedha za daraja zilitoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii na 40 serikalini, likafunguliwa tarehe 19 Aprili 2016 na Rais Magufuli. Ni Magufuli huyohuyo ambaye mwaka 2012, akiwa waziri wa ujenzi, alipandisha nauli ya pantoni kutoka shilingi 100 hadi 200 na kuwaambia wasiotaka kulipa wapige mbizi. Hapa mtetezi wa tozo ana hoja ambayo mtetezi wa ile ya Skye hakuwa nayo: fedha zile ni michango ya wafanyakazi, na kufuta tozo ni kumnyang'anya mstaafu wa Tabora ili kumfaidi mwenye gari wa Kigamboni.

Ninaikubali nusu ya hoja hiyo. Mfuko wa wafanyakazi lazima urudishiwe fedha zake, tena na faida. Lakini mkopeshaji hajali fedha zinatoka mfuko gani, mradi zinakuja. Hatifungani za Kanada zilinunuliwa kwa kuangalia ahadi ya serikali, wala si idadi ya magari yatakayopita. Swali la nani alipe linabaki palepale hata baada ya mkopo kupatikana. Norwei imelijibu kwa namna inayostahili kutazamwa. Madaraja na mahandaki mengi ya kwenda visiwani huko hujengwa kwa mkopo unaolipwa kwa tozo, kwa kawaida baada ya mabaraza ya wenyeji wenyewe kuomba hivyo, na mkopo ukiisha vibanda huondolewa. Daraja la Askøy, karibu na Bergen, lilifunguliwa Desemba 1992 na tozo yake ikaisha 2006. Isitoshe, sheria zao zinaruhusu ruzuku ambayo serikali ingeitoa kwa feri iliyoondolewa iendelee kutolewa kwa miongo kadhaa, ila sasa ielekezwe kulipa daraja. Mwenyeji anajua deni ni kiasi gani, serikali inabeba fungu lake, na mwisho unaonekana. Tozo za Kigamboni zilipunguzwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya miaka, na lilikuwa jambo jema. Lakini punguzo linalotolewa kwa hisani linaweza kuondolewa kwa hisani. Raia angefaidika zaidi kwa kuona kibandani pale kiasi cha deni kilichosalia.

Sharti la pili la tozo ya haki, baada ya mwisho unaojulikana, ni kuwapo kwa njia nyingine. Nairobi Expressway ina mengi ya kulaumiwa, lakini asiyetaka kuilipia anapita chini yake. Bahari haina chini ya kupita. Kigamboni inapata alama hapa: pantoni ya Magogoni iliachwa ikifanya kazi na mtembea kwa miguu anavuka daraja bila kulipa. Likoni itakuwa na mtihani mgumu zaidi. Kisiwa cha Mombasa kina historia yake ya madaraja. Lile la zamani la Nyali, lililoelea juu ya maboya tangu 1931, lilikuwa la kulipia, na la sasa, la mwaka 1980, halimtozi mtu. Kusini, kwenye feri ya Likoni, magari hulipa na wanaotembea huvuka bure, na wanaotembea ndio umati. Kwa miaka kadhaa sasa umekuwepo mpango wa daraja refu la kuvuka hapo Likoni kwa msaada wa Japani. Ili meli za bandari ya Kilindini zipite chini yake, daraja hilo lazima liwe juu sana, na njia za kulipanda ziwe ndefu. Nani atalipanda kwa miguu kila asubuhi akienda kazini? Atapanda matatu. Matatu italipa tozo, kama ipo, na tozo itaingia kwenye nauli. Mtu ambaye leo anavuka bure atakuwa amegeuzwa mlipaji bila mtu yeyote kutangaza kwamba amepandishiwa bei. Feri ikiachwa iendelee kwa ajili yake, itakuwa ni feri ya maskini peke yao, na sote tunajua huduma ya maskini peke yao hutengewa bajeti ya namna gani.

Ni lazima pia tuwe wakweli kuhusu gharama ya kivuko ambayo haimo kwenye vitabu vya hesabu. Feri ya Mtongwe, kule Mombasa, ilipozama Aprili 1994 walikufa zaidi ya watu 200. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, Septemba 2018 walikufa tena zaidi ya 200. Mwenye kusema daraja ni ghali na alinganishe na kivuko salama, chenye idadi halali ya abiria, injini zinazotengenezwa kwa wakati na cha akiba kilicho tayari. Kivuko cha namna hiyo ni ghali mno, na ndiyo maana ni nadra kukiona. Ukiweka kwenye mizani kile ambacho serikali ilipaswa kutumia, si kile ilichotumia kweli, fungu la hazina katika daraja huwa kubwa zaidi na la dereva huwa dogo zaidi. Kumtoza raia ili aepushwe na hatari ambayo ilikuwa wajibu wa serikali kuiondoa ni kumuuzia kitu alichokuwa anadai.

Lipo pingamizi la tatu, la wapenda visiwa. Linasema tozo ni mlango, na mlango ukiachwa wazi kisiwa humezwa na magari. Ufaransa inatoa mfano wake bora, Île de Ré, yenye daraja la kilomita 2.9 lililofunguliwa 1988. Deni la ujenzi lilipokwisha, tozo haikufutwa. Kuanzia 2012 iligeuzwa kuwa kodi ya mazingira, euro 16 kwa gari la mgeni wakati wa kiangazi na 8 nje ya msimu, huku wakaazi wakilipa kidogo mno. Kisiwa jirani cha Oléron kimechagua vingine, daraja lake ni bure tangu 1991. Sina ugomvi na Ré. Kodi ile imeitwa kwa jina lake, ina kazi yake, na inatofautisha anayeishi na anayetembelea. Ninachokataa ni kuichukua hoja hiyo na kuipachika mahali ambapo tozo inamkamata mwenyeji na mgeni sawasawa. Mgeni wa Prince Edward alilipa mara moja katika likizo yake, na dola 50 kati ya gharama zake zote hazikumzuia. Mwenyeji mwenye ndugu, daktari au soko la viazi upande wa pili ndiye aliyekuwa akiulipia mlango huo mara kwa mara. Mlango unaowasumbua waliomo ndani kuliko wanaoingia haulindi kisiwa.

Mkataba wa daraja la Confederation unaisha mwaka 2032. Malipo ya kila mwaka kwa kampuni yatakoma, na daraja, lililosanifiwa kuishi miaka 100, litakuwa mikononi mwa serikali kuu likiwa na miaka 35 tu. Matengenezo ya zege linalopigwa na barafu na chumvi hayatakuwa ya bei rahisi, na watakuwepo watakaotaka dola 20 zibaki, labda zipande. Watakuwa na hoja, kwa sababu masharti ya 1873 hayakusema kuvuka kuwe bure. Meli nazo zilitoza. Lakini wabunge wa kisiwa watakuwa na hoja yenye mizizi zaidi. Marekebisho ya 1993 hayakufuta ahadi ya zamani, yaliruhusu tu njia ya kudumu ishike nafasi ya meli za mvuke. Ruzuku iliyokuwa ikiendesha meli haikufutwa pia, ilikopeshwa kwa daraja hadi 2032. Siku mkopo huo utakapokwisha, fedha hizo za kila mwaka zitakuwa huru kwa mara ya kwanza tangu meli zilipoondolewa, na kazi yake ya asili, ile ya kukiunganisha kisiwa na nchi, itakuwa bado haijaisha.